Nyumba Ilikula Pori

Juma hili ni zamu yangu kwenye historia. Nitaanzia Kisenge, kwetu, kisha tutapanda pamoja mpaka Kolwezi.

Babu yangu alikuwa masoni Kisenge. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, nilimsifia nyumba ya kambi tuliyokaa: kuta nzito nyekundu, ndani baridi mwezi wa kumi wakati nje jua linachoma. Nilidhani atafurahi, kwa sababu kuta za namna ile ndizo zilikuwa kazi yake. Akapiga ukuta na kiganja, akasema: "Mutoto, hii nyumba ilikulaka pori." Nikacheka. Nyumba inakula namna gani?

Nimekuja kumwelewa mwaka jana tu, nilipojenga yangu Kolwezi. Nilinunua matofali ya kuchoma 8,000. Nilibishana bei, nilihesabu yaliyovunjika njiani, nilimlipa mwenye gari. Kuni zilizoyachoma zilitoka wapi, sikuuliza hata mara moja. Na mimi ni mtu wa diploma, tena ninayezungumza juu ya tabianchi mbele ya watu.

Basi leo tuongee nyumba. Wataalamu wanagawa kaboni ya nyumba mara mbili: ile iliyolala ndani ya kuta kabla hujahamia, na ile unayotoa kila siku ukishaanza kukaa. Kwa hapa kwetu mimi naona ni afadhali kuhesabu mioto mitatu: moto wa tofali, moto wa simenti, na moto wa chungu. Historia yetu ndiyo inayoonyesha kila mmoja ulianza lini, na upi kati yao ni mkubwa.

Kabla ya tofali

Wazee wetu, Walunda, Wachokwe, Wasanga na wengine, walijenga kwa miti, udongo na majani. Nyumba ile haikupitia tanuru. Kijiji kikihama, miti ilioza, udongo ukarudi udongo, na baada ya miaka pori lilifunika mahali pale. Sisemi turudi huko. Mchwa walikula miti, majani yalishika moto, na kila baada ya miaka michache kazi ilianza upya. Lakini tukumbuke kwamba kwa karne nyingi watu wa hapa walijua kujenga bila kuchoma kitu.

Mambo yalibadilika na shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kazi ya mgodi ilitaka watu wengi. Mwanzoni kampuni ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, ikawalaza kambini. Walikufa wengi, na wengine walitoroka. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa yake: mfanyakazi aje na mke, azae hapa, akae miaka, watoto wake nao waje kuwa wafanyakazi. Mtu wa namna hiyo humlazi ndani ya kibanda cha majani. Ndipo nyumba ya tofali ikaingia kambini, pamoja na posho, shule na dispensari. Tofali lilikuwa njia ya kumfunga mtu na mgodi.

Udongo wake ulitoka wapi? Mara nyingi kwenye vichuguu. Aliyetembea pori la Katanga anavijua: vichuguu virefu kuliko nyumba, kazi ya mchwa kwa karne nyingi. Udongo wake ni wa mfinyanzi, unashikana vizuri. Fundi anauvunja, anauchanganya na maji, anaumimina ndani ya kalibu, anaanika, kisha anapanga tanuru na kuweka kuni chini. Tanuru linawaka siku kadhaa mchana na usiku. Huo ndio moto wa kwanza.

Kisenge, na somo la reli iliyokatika

Kolwezi ilizaliwa kama mji wa Union Minière mwaka 1937. Reli ilikuwa imetangulia: mwaka 1931 njia ya Benguela iliungana na reli ya Katanga kupitia Dilolo, na shaba ikapata mlango wa bahari kule Lobito. Upande huo huo wa Dilolo, karibu na mpaka wa Angola, manganese ya Kisenge ilishika nguvu katika miaka ya 1950 chini ya kampuni ya Bécéka-Manganèse. Kambi ikajengwa kwa namna ile ile: mistari ya nyumba za tofali, barabara zilizonyooka, kila lupango sawa na mwenzake.

Halafu mwaka 1975 vita vya Angola vikakata reli ya Benguela. Manganese si kitu cha kubeba kwa lori mpaka bahari ya mbali. Mgodi ukalala, na madini yaliyokwisha kuchimbwa yakabaki pale chini miaka na miaka. Baba zetu walibaki na kazi isiyo na mshahara.

Lakini jambo moja watu hawalitaji: nyumba hazikulala. Kampuni ilibadilika jina, watoto waliondoka, mabati yalishika kutu yakabandikwa viraka, kuta zikabaki zimesimama. Pori lililoliwa miaka ile ya 1950 liliendelea kuwafaa wajukuu.

Na babu yangu, simenti ilipokuwa haifiki tena, alijenga chumba kingine nyuma ya lupango. Hakuchoma hata tofali moja. Alichukua udongo wa kichuguu, akachanganya na majani makavu, akaanika matofali kivulini, akaweka msingi wa mawe na kutoa paa nje zaidi ya kawaida ili mvua isiguse ukuta. Watu walimcheka: fundi mzima anarudia udongo mbichi! Mimi nimelala ndani ya chumba kile zaidi ya miaka kumi. Alituambia: "Tofali bichi haliogopake mvua. Linaogopaka mujinga anayesahau paa."

Moto wa pili unafika na malori

Turudi Kolwezi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya 50,000. Mnajua hadithi, maana wengi wetu tulisoma kwa makuta ya mama aliyeuza mkate barabarani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Halafu migodi ikafunguliwa upya na makampuni kutoka nje, kobalti ikatafutwa na dunia nzima, na mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba.

Mji ulijaa watu. Ofisi, hoteli, nyumba za kupangisha, mitaa mipya mpaka porini. Na ujenzi mpya unapenda simenti: tofali la simenti, nguzo ya zege, dali ya zege juu. Mtu akijenga kwa simenti anaonekana amefika.

Simenti ni chokaa na udongo vilivyochomwa mpaka nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Lakini zaidi ya nusu ya gesi yake haitoki kwenye moto. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe, ambalo likipashwa moto linaachia kaboni iliyofungwa humo. Ndiyo maana hata ukichoma kwa umeme safi kabisa, gesi ile itatoka tu. Kwa tani moja ya simenti hesabu kilo 600 hadi 900 za gesi ya kaboni, yaani mfuko wa kilo 50 unakuja nyumbani kwako ukiwa umeshatoa kilo 30 hadi 45. Ongeza safari ya lori kwenye barabara zetu, maana sehemu ya simenti tunayotumia inavuka mpaka kutoka Zambia.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba yangu, msinicheke. Matofali 8,000 ya kilo tatu tatu ni tani 24 za udongo. Tanuru la kienyeji, kulingana na kuni na ufundi, linakula kama megajuli 2 hadi 4 kwa kila kilo ya tofali. Inatoka tani tatu mpaka sita na zaidi za kuni. Tuseme tano. Kuni kavu tani tano zinatoa karibu tani tisa za gesi ya kaboni. Mifuko 100 ya simenti inaongeza kama tani nne. Jumla ni tani 13, kabla ya mabati na nondo. Wenye hesabu nzuri kuliko yangu wanisahihishe, lakini ukubwa wake ndio huo.

Moto wa tatu, unaowaka kila siku

Nilipomaliza hesabu hiyo nilijiona mwenye dhambi. Halafu nikaenda kwa dada yangu. Anakaa nyumba mpya, nzuri, yenye mita ya umeme ukutani. Nje ya mlango wa jikoni pana mbabula mbili zinawaka, maharagwe juu ya moja, maji ya bukari juu ya nyingine, na gunia la makala limeegemea ukuta. "Umeme unaendaka na kurudi," akasema. "Maharagwe hayangojeake SNEL."

Tuseme jamaa inatumia kilo mbili za makala kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Makala ya tanuru la udongo yanataka kilo tano mpaka nane za kuni kwa kila kilo moja inayotoka. Chukua sita: ni zaidi ya tani nne za kuni kwa mwaka. Someni tena polepole. Kila mwaka mmoja mbabula inakula karibu kuni zile zile zilizochoma matofali ya nyumba nzima. Nyumba ilikula pori mara moja. Chungu kinakula pori kila mwaka, na nyumba ikisimama miaka 50, kitakuwa kimekula mapori karibu 50.

Ni kweli miombo ikikatwa na kuachwa inachipua tena, na mti mpya unarudisha sehemu ya kaboni ile. Lakini karibu na mji haiachwi. Mchoma makala anapita, mkulima anafuata, na baada yake mwenye kuuza viwanja. Wale waliosoma nasi Kolwezi zamani wanajua pori lilianza wapi. Leo makala yanatoka mbali na yanakuja kwa lori.

Na hapa ndipo historia inauma. Kwa nini tunapika kwa makala? Si kwa sababu hatuna mto. Bwawa la Nzilo, ambalo Wabelgiji waliliita Delcommune, lilianza kutoa umeme mwaka 1952, juu ya Lualaba yetu, si mbali na Kolwezi. Nseke, lililoitwa Le Marinel, likafuata mwaka 1956. Kabla yao kulikuwa na Mwadingusha mwaka 1930 na Koni mwaka 1950, kwenye mto Lufira. Yote ni umeme wa maji, usio na moshi. Yalijengwa kwa ajili ya mitambo ya shaba. Mwaka 1956 umeme wa Katanga ulivushwa hata mpaka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Na katika miaka ya 1980 waya wa karibu kilomita 1,700 ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa, kwa sababu ile ile.

Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 mji wetu umekaa kando ya umeme safi, na chungu kimebaki juu ya kuni. Waya zilipangwa tangu mwanzo ziende kiwandani kwanza. Leo shaba na kobalti yetu zinasifiwa kwamba zitasafisha hewa ya dunia ndani ya magari ya umeme, na mama anayeishi ukutani mwa mgodi anapuliza mbabula.

Nyumba inayokufa kabla ya wakati

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ujenzi vya Ulaya havilitaji sana, na sisi tunalijua kwa macho. Hapa nyumba haivunjwi kwa uzee. Inavunjwa kwa sababu ya kile kilicho chini yake.

Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kobalti chini ya mtaa wao. Mashimo yakachimbwa ndani ya lupango, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa na kuzungushiwa ukuta. Mwezi wa tisa mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu wanaohamishwa Kolwezi kwa sababu ya migodi, pamoja na wakaaji wa Cité Gécamines. Wanasheria wetu wameshaandika vizuri juu ya haki za watu hao, nami siwezi kuongeza. Naongeza hesabu tu.

Nyumba ya tani 13 ikikaa miaka 60, kila mwaka unabeba kilo 220 hivi. Ikivunjwa baada ya miaka 15, kila mwaka umebeba karibu kilo 870, mara nne. Na aliyehamishwa lazima ajenge tena, yaani tanuru jingine, simenti nyingine, pori jingine. Jamaa inayohamishwa mara mbili imekula mapori matatu bila kuongeza hata chumba kimoja. Nyumba za zamani za Kisenge, na madirisha yake yaliyovunjika, ni safi kuliko jumba jipya la vioo, kwa sababu moto wake ulizimika zamani na kuta bado zinafanya kazi.

Sasa tufanye nini

Katika association yetu tuna wahandisi, wachoraji wa nyumba, wanasheria, watu wa mazingira, na wachache walio ndani ya ofisi zinazotia sahihi. Mitaa mipya inachorwa sasa hivi, mingine kwa ajili ya hao wanaohamishwa. Kinachoandikwa leo kwenye karatasi ya kazi ndicho watoto wetu watakachokaa ndani yake. Mimi naomba mambo manne.

La kwanza ni tofali lisilochomwa. Katika miaka ya 1950, kule Bogotá, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza mashine ya mkono ya kukandamiza udongo, CINVA-Ram. Udongo unachanganywa na simenti kidogo, asilimia tano mpaka nane, unakandamizwa, unaachwa ukomae kwa unyevu. Hakuna tanuru. Tangu hapo mashine za aina hiyo zimeenea: Uganda, Kenya na Tanzania wanajenga shule na nyumba kwa matofali ya namna hiyo, mengine yanayofungamana bila udongo mwingi katikati. Udongo tunao. Kinachokosekana ni mhandisi wa hapa kuupima, kuweka sahihi yake, na kumwondolea mwenye nyumba aibu. Ile "tofali bichi ni la maskini" ni akili ya kambi ambayo bado tunayo.

La pili ni paa na madirisha. Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, na watu wanaingiza mbabula chumbani kujipasha. Kila mwaka moshi usioonekana unaua watu usingizini. Mabati matupu bila dari yanachoma mwezi wa kumi na kugandisha mwezi wa saba. Dari, ukuta mnene, paa linalotoka nje, madirisha yanayotazamana, na nyumba isiyoelekeza ubavu wake mrefu magharibi. Hivyo vinaamuliwa kwa kalamu, kabla ya makuta mengi kutoka.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni umeme wa jikoni. Mtaa mpya usihesabiwe kuwa umekwisha kama waya unatosha taa na simu tu. Uandikwe umeme wa kupikia, na mahali ambapo gridi haiaminiki, waongeze jua. Mgodi unaojenga nyumba za watu uliowahamisha unajua kujitafutia umeme wa mitambo yake, kwa hiyo unaweza kuulizwa umeme wa chungu. Wakati tunangoja, mbabula iliyoboreshwa na sufuria ya kufunika mvuke kwa maharagwe vinapunguza gunia. Si mwisho wa safari, lakini ni kitu.

La nne ni kutovunja bila sababu. Kabla ya kuchora mtaa, ramani ya viwanja iwekwe juu ya ramani ya vibali vya madini. Na nyumba ikilazimika kuondoka, matofali yatolewe moja moja yatumike tena, yasisagwe na mashine. Tofali lililochomwa mwaka 1950 halihitaji kuchomwa tena.

Mimi nimeshakosea. Nyumba yangu imesimama, kuni zake zimekuwa moshi, na njia niliyo nayo ya kulipa ni kuitunza ikae mpaka wajukuu. Mwaka huu nimeongeza dari, na tunahangaika na jiko la umeme siku zile umeme unakuja. Chumba cha jamaa nitakachojenga nyuma kitakuwa cha udongo wa kukandamiza, na paa linalotoka nje zaidi ya kawaida. Majirani wameshaanza kucheka.

Mwaka huu nilirudi Kisenge kwa matanga. Chumba cha babu bado kipo. Ukuta wa upande wa mvua umekwanguka kidogo, mtu amempaka udongo mpya. Niliupiga na kiganja, kama yeye. Ule haukula pori.

Wenye baba au babu waliojenga kambi za Kolwezi, Kisenge, Luilu au Musonoi, tuleteeni kumbukumbu zao: udongo ulitoka wapi, kuni zilitoka wapi, nani alichoma tanuru. Wale wazee wanaisha, na hakuna aliyeandika majina yao popote.